Kadi, jezi na picha za soka ya kale: Utatambuaje zilizo ghushi?

JEZI ya kijani iliyochakaa, picha ya timu iliyopauka na kipande cha tiketi chenye tarehe ya 1987. Vitu kama hivi vinapotandazwa mbele ya shabiki wa Gor Mahia mjini Kisumu, mara nyingi mkono hufika mfukoni kabla jicho halijamaliza kukagua.

Mwaka huo una uzito wake. Ndipo K'Ogalo ilipotwaa Kombe la Washindi Barani Afrika, lililojulikana pia kama Kombe la Nelson Mandela. Ilitoka sare ya 2-2 na Esperance nchini Tunisia, kisha ikaambulia sare ya 1-1 katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, na mabao ya ugenini yakaamua. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda taji la bara.

Penye thamani hapakosi mghushi. Kwa miaka mingi viongozi wa klabu wamelalamika kuhusu jezi ghushi zinazochuuzwa siku za mechi. Sasa soko limepanuka. Mitandao ya mauzo imewafungulia wauzaji mlango wa kutangaza picha, vijitabu vya mechi, medali, sahihi za wachezaji na kadi za wanasoka, na mnunuzi wa Kondele au Homa Bay anaweza kutuma pesa kwa simu kabla hajakiona anachonunua.

Hasara haimwangukii mnunuzi peke yake. Klabu hupoteza mapato. Mchezaji aliyestaafu bila malipo ya maana, na ambaye urithi wake ni albamu moja ya picha, huona nakala za kumbukumbu zake zikiwatajirisha watu asiowajua. Na historia yenyewe huchafuka, kwani picha ya uongo ikizunguka kwa muda mrefu hugeuka kuwa ushahidi.

Hata hivyo, kitu ghushi mara nyingi hujisaliti chenyewe. Hakijisaliti kwa ung'avu wala kwa uchakavu, bali kwa mwaka kinaodai kutoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika biashara hii njia hiyo hupimwa kwa kalenda.

Si kila nakala ni ghushi

Kabla ya kukagua, ni vyema kutofautisha makundi manne.

La kwanza ni vitu asilia, yaani vilivyotengenezwa wakati huo na mwenye haki ya kuvitengeneza. La pili ni nakala halali, zilizotolewa upya baadaye na mwenye haki huku zikitangazwa waziwazi kuwa nakala. Hakuna kosa kuzinunua, mradi zinauzwa kwa bei ya nakala.

La tatu ni vitu asilia vilivyochokorwa: kadi iliyokatwa kingo ili ionekane mpya, picha ya kweli iliyoongezwa sahihi ya uongo, au jezi ya kawaida iliyoshonewa nambari ya mchezaji mashuhuri. La nne ni vitu ghushi tangu mwanzo hadi mwisho.

Kundi la tatu ndilo la hatari zaidi. Karatasi itapita kila kipimo, kitambaa kitapita kila kipimo, na bado muuzaji atakuwa anasema uongo.

Anza na mwaka

Muulize muuzaji swali moja kabla ya mengine yote: kitu hiki ni cha mwaka gani? Akishataja mwaka, kila herufi, nembo na jina lililomo lazima likubaliane naye. Zifuatazo ni tarehe ambazo mkusanyaji wa kumbukumbu za soka ya Kenya anapaswa kuzijua kwa moyo.

1968: Gor Mahia iliundwa Februari mwaka huo kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars. Ilichukua jina la Gor Mahia wa Ogalo, mganga mashuhuri wa Kanyamwa katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay, na ndiyo asili ya lakabu ya K'Ogalo. Picha yoyote ya 'Gor Mahia ya 1965' ina kasoro tangu jina. Lakini jina la Luo Union lilirudi baadaye, na timu hiyo ikatwaa ubingwa wa vilabu wa Cecafa 1976 na 1977. Kwa hivyo picha ya Luo Union ya 1976 isikataliwe kwa sababu hiyo.

1978: Daniel arap Moi alishika urais Agosti mwaka huo. Tiketi ya mapema miaka ya 1970 inayotaja 'Moi Stadium, Kisumu' ni ya kutiliwa shaka kubwa.

1980: Vilabu vilitakiwa kuacha majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, nayo Luo Union ikawa Re-Union. Kijitabu cha 1974 kinachotangaza pambano la Gor Mahia na AFC Leopards kiliandikwa na mtu asiyeijua historia hii. Hata Gor Mahia iliwahi kuitwa Gulf Olympic Rangers kwa kipindi kifupi. Jina hilo likionekana kwenye karatasi ya miaka hiyo, ugeni wake usiwe sababu ya kuitupa.

1983 na 1987: Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa 1983, na ule wa Kasarani ukafunguliwa 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Tiketi ya 'Kasarani 1984' haiwezi kuwapo. Vivyo hivyo, uwanja wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, Kisumu, ulianza kutumika 2021.

2000: Huu ndio mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuenea nchini kupitia kampuni za Safaricom na KenCell. Kijitabu cha miaka ya 1980 chenye tangazo lililo na nambari ya simu ya mkononi, anwani ya tovuti au alama ya mraba inayosomwa kwa kamera kimejihukumu. Alama hiyo ya mraba ilibuniwa nchini Japan 1994.

2010 hadi 2013: Kaunti zilitokana na Katiba ya 2010 na zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Kabla ya hapo palikuwa na Mkoa wa Nyanza. 'Kaunti ya Kisumu' kwenye cheti cha mashindano ya 1991 ni kosa lisilo na maelezo.

2011: Shirikisho la FKF lilishika hatamu za soka mwaka huo. Katika enzi ya ubingwa wa 1987 shirikisho lilikuwa KFF. Nembo ya FKF haina kazi kwenye tiketi ya Harambee Stars ya wakati wa Moi.

2014: Kampuni ya kamari ya SportPesa ilianza mwaka huo. Jezi ya Gor Mahia yenye jina hilo kifuani inaweza kuwa ya kweli, lakini haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo.

Kipimo hiki hakigharimu hata senti. Kinafaa kutangulia vingine vyote, kwa kuwa mghushi hodari wa karatasi si lazima awe hodari wa historia.

Kadi za wachezaji

Kadi za wachezaji hazikuota mizizi kwenye mwambao wa Ziwa Victoria kama zilivyofanya Marekani na Ulaya. Huko zilianza kama vipande vya karatasi ngumu ndani ya pakiti za sigara mwishoni mwa karne ya 19, kisha zikahamia kwenye peremende na ubani wa kutafuna. Kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ilitoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia kwa ajili ya mashindano ya Mexico 1970.

Siku hizi kadi hizo zina wanunuzi hata hapa nchini, na sababu mojawapo ni wachezaji wenye asili ya eneo hili. Divock Origi, aliyefungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mnamo Juni 1, 2019, ni mtoto wa Mike Okoth, aliyewahi kuchezea Harambee Stars. Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Mandela, ni ndugu ya Mike Okoth. Shabiki anayetaka kadi ya Origi huipata mtandaoni kutoka kwa muuzaji wa mbali, na hapo ndipo anapoingia katika soko lililojaa mitego ya miaka mingi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911. Zinazojulikana kuwapo ni chache mno. Mojawapo iliyokuwa safi kupita kawaida ilinunuliwa 1991 na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000. Kampuni ya kukadiria ubora wa kadi, PSA, iliipa cheti nambari moja. Mnamo 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8.

Kisha, mnamo 2013, muuzaji Bill Mastro alikiri mahakamani Marekani kwamba yeye ndiye aliyezikata kingo za kadi hiyo ili ionekane mpya. Kadi ilikuwa ya kweli, lakini hali yake ilikuwa ya uongo. Funzo ni kwamba cheti cha mtaalamu ni msaada, si dhamana, na kitu cha karne moja kisicho na kovu hata moja kinahitaji maelezo.

Kipimo cha kwanza cha kadi ni rula. Kadi ya Wagner na wenzake ina upana wa takriban sentimita 3.7 na urefu wa 6.7. Kadi za Topps za 1952, ambazo mojawapo, ya Mickey Mantle, iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mnamo Agosti 2022, zina upana wa sentimita 6.7 na urefu wa 9.5. Mnamo 1983 Topps yenyewe ilitoa nakala halali za kadi hizo kwa kipimo kidogo cha kisasa, takriban sentimita 6.4 kwa 8.9. Mjanja anayefuta neno linaloonyesha kuwa ni nakala hawezi kuurefusha mwili wa kadi.

Kipimo cha pili ni mwanga. Taa ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia hufanya karatasi ya kisasa ing'ae kwa weupe wa samawati. Sababu ni kemikali za kung'arisha karatasi, ambazo zilienea viwandani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kadi ya 1910 inayong'aa chini ya taa hiyo ni ghushi. Lakini kipimo hiki hakina msaada kwa karatasi za 1987, kwa kuwa kemikali hizo zilikuwa zimeenea tayari.

Karatasi na wino

Tiketi, vijitabu vya mechi na kadi hukaguliwa kwa njia moja. Kinachohitajika ni kioo kinachokuza mara 10, kama kile kinachotumiwa na mafundi wa saa.

Ukitazama picha ya rangi iliyochapishwa kwa mitambo ya kawaida ya viwanda, utaona nukta ndogo za rangi nne zilizopangwa kwa utaratibu unaofanana na petali za ua. Printa ya nyumbani ya wino hutawanya nukta bila mpango, mfano wa vumbi. Printa ya unga, kama zile za vituo vya kunakili karatasi, huacha tabaka linaloketi juu ya karatasi, linalong'aa likiinamishwa kwenye jua na kupasuka penye mkunjo.

Maandishi ni shahidi bora zaidi. Katika uchapishaji asilia herufi nyeusi hujaa wino na kingo zake huwa safi. Mghushi anayenakili kwa skana huchapisha picha ya maandishi, si maandishi yenyewe. Chini ya kioo, herufi zake huvunjika kuwa vinukta au huwa na ukungu pembeni.

Tiketi nyingi za zamani zilichapwa kwa herufi za risasi, ambazo zilibonyeza karatasi. Pitisha ncha ya kidole upande wa nyuma utahisi mbonyeo huo. Nambari ya tiketi nayo ilipigwa kwa mashine ya pekee, mara nyingi kwa wino wa rangi tofauti, na kila tiketi ilikuwa na nambari yake. Ukikuta tiketi mbili zenye nambari moja kwa muuzaji mmoja, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Uzee wa kuigiza una alama zake pia. Karatasi huzeeka kuanzia kingoni, mahali hewa na mwanga vinapofika, huku katikati pakibaki peupe kidogo. Karatasi iliyochovywa kwenye chai au kahawa huwa na rangi ya hudhurungi iliyosambaa sawasawa, au mabaka yenye ukingo mweusi pale maji yalipokauka. Pengine hata harufu hubaki. Kwenye mwambao wa ziwa, ambako joto na unyevu huandamana, karatasi ya kweli iliyohifadhiwa kwenye sanduku la bati huwa na madoa ya ukungu, matundu ya wadudu na kutu mahali pa pini. Kasoro hizo hazipendezi, lakini ni vigumu kuziiga zote pamoja.

Picha za timu

Picha asilia iliyosafishwa studioni haina nukta. Vivuli vyake hutiririka kutoka mweupe hadi mweusi bila kukatika, hata chini ya kioo cha kukuzia. 'Picha asilia' inayoonyesha nukta ni nakala iliyotolewa gazetini au kitabuni.

Geuza picha nyuma. Studio nyingi zilipiga muhuri wenye jina na sanduku la posta, na wenye picha waliandika majina ya wachezaji kwa kalamu. Muhuri huo nao una umri wake, hivyo urudie kipimo cha kalenda. Karatasi za picha zenye tabaka la plastiki zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Picha ya timu ya 1955 iliyo kwenye karatasi laini ya plastiki ilisafishwa baadaye sana, hata kama tukio lenyewe ni la kweli.

Hilo si lazima liwe udanganyifu. Familia zilisafisha nakala za ziada kutoka kwa filamu ileile kwa ajili ya jamaa. Lakini nakala ya baadaye haina bei ya picha ya siku ya mechi, na muuzaji mwaminifu atasema hivyo.

Jezi: za kale na za sasa

Jezi za vilabu vya Ulaya hufika Kibuye na masoko mengine ndani ya marobota ya mitumba, na mara mojamoja huwa na thamani ambayo mchuuzi hakuitarajia. Hapa lebo ya ndani ndiyo cheti cha kuzaliwa.

Lebo inayotaja Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya Oktoba 1990, nchi hiyo ilipoungana na Ujerumani Mashariki. Nembo ya Adidas ya majani matatu ilianza mapema miaka ya 1970, nayo nembo ya milia mitatu iliyosimama kama mlima ilianza kutumika 1991. Jezi za Nike na Adidas za miaka ya 2000 kuendelea huwa na msimbo wa bidhaa kwenye kilebo kidogo. Uandike msimbo huo mtandaoni, nao utakuonyesha jezi iliyokusudiwa. Ukionyeshwa jezi ya rangi au klabu nyingine, uliyoishika ni ghushi. Jezi za miaka ya 1980 hazikuwa na misimbo hiyo, basi kukosekana kwake si kosa.

Majina ya wachezaji mgongoni yalianza kuwa kawaida katika ligi ya Uingereza msimu wa 1993-94. Jezi inayodaiwa kuvaliwa katika ligi ya 1987 ikiwa na jina la mchezaji mgongoni inafaa kukaguliwa kwa makini maradufu.

Mfano wa karibu ni jezi ya Zaire yenye kichwa cha chui, iliyovaliwa katika Kombe la Dunia la 1974, wakati nchi hiyo ilipokuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kushiriki. Imenakiliwa mara nyingi kwa sababu ya umaarufu wake. Anayeuza 'asilia' kwa bei ya nakala hafanyi hisani, kwani cha rahisi huwa ghali mwishowe.

Kuhusu jezi ya 1987 ya Gor Mahia, rangi ya kijani na nyeupe haitoshi kuwa ushahidi. Linganisha ukosi, mikono, milia na nembo na picha zenye tarehe zilizochapishwa magazetini mwaka huo. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi na maktaba za magazeti zina matoleo ya zamani yanayoweza kusomwa. Dakika chache za kulinganisha huweza kuokoa maelfu ya shilingi.

Kwa jezi mpya za klabu, muundo hubadilika msimu hadi msimu, kwa hivyo orodha ya alama za mwaka jana inaweza kukupotosha mwaka huu. Kinachodumu ni haya: tazama picha rasmi za msimu huo, nunua mahali klabu ilipotangaza, kagua mshono wa nembo upande wa ndani, na udai risiti.

Sahihi

Sahihi ndiyo rahisi kughushi, na faida yake ni kubwa. Nchini Marekani uchunguzi wa FBI ulioanza katika miaka ya 1990 na kupewa jina la Operation Bullpen ulifichua mitandao iliyokuwa ikitengeneza sahihi za uongo za wanamichezo kwa wingi.

Mtu hatii sahihi mbili zinazolingana nukta kwa nukta. Zikilingana kabisa, zimechapishwa au zimepigwa muhuri. Chini ya kioo, sahihi ya kweli huwa na mwendo: wino huwa mwepesi pale mkono ulipokimbia na mzito pale ulipotua. Sahihi iliyofuatishwa polepole hutetemeka na huwa na vituo mahali pasipostahili.

Hapa tena kalenda husaidia. Sahihi ya mchezaji aliyefariki haiwezi kuwa juu ya jezi iliyotengenezwa baada ya kifo chake.

Mali bila daftari

Baada ya vipimo vyote, swali kubwa linabaki: kitu hiki kilikuwa wapi miaka yote hii? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya soka isiyo na daftari haina njia ya kujitetea.

Muuzaji mwaminifu hueleza aliyemuuzia au aliyemrithisha, na maelezo hayo huweza kuthibitishwa. Mdanganyifu huwa na hadithi nzuri isiyo na mtu wa kupigiwa simu. Jihadhari na haya: picha za mtandaoni zisizoonyesha upande wa nyuma, muuzaji anayekataa mkutane mchana mahali pa watu wengi, malipo ya haraka kwa madai kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani, na mtu mmoja mwenye vitu vingi vya aina moja vinavyodaiwa kuwa adimu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya 2008 inalinda haki za wenye nembo na ubunifu. Anayepatikana na hatia mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa hizo sokoni, au vyote viwili. Akirudia kosa, kifungo huweza kufika miaka 15 na faini isipungue mara tano. Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, inayosimamia sheria hiyo, ina ofisi Kisumu.

Sheria hiyo inafaa hasa kwa jezi zenye nembo ya klabu au kampuni. Picha au tiketi ya kale iliyotungwa huenda isiguse nembo ya mtu yeyote, lakini kupokea pesa kwa hila ni kosa chini ya Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake ni hadi miaka mitatu gerezani.

Anayetaka kurejeshewa pesa anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Ili dai lisimame, hifadhi tangazo la muuzaji, mazungumzo yenu, ujumbe wa M-Pesa na kitu chenyewe bila kukirekebisha. Ni muhimu muuzaji awe ameandika, si kutamka tu, kwamba kitu hicho ni asilia na ni cha mwaka fulani.

Wenye vitu vya kweli

Ngao kubwa dhidi ya waghushi haiko mikononi mwa wanunuzi bali katika nyumba ambamo vitu asilia vimelala. Familia nyingi za mwambao huu zina picha, medali au jezi ya baba, mjomba au jirani aliyewahi kucheza, na hazijawahi kuziandika popote.

Usisugue medali ing'ae, usifue jezi ya kale kwa sabuni kali, wala usibandike picha kwa gundi au utepe wa plastiki. Ziweke mbali na jua, sakafu na ukuta unaotoa unyevu, ndani ya bahasha za karatasi. Piga picha pande zote mbili na uhifadhi nakala kwa jamaa anayeishi mahali pengine. Anayetaka ushauri wa kuhifadhi vitu vya kale anaweza kuanzia katika Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa 1980.

Zaidi ya yote, chukua penseli laini na uandike nyuma ya kila picha majina ya waliomo, kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali ilipopigwa na mwaka. Fanya hivyo ukiwa umeketi na mzee anayeweza kuwataja. Waliocheza Kasarani 1987 wakiwa vijana sasa wana umri wa kuwa babu, na jina ambalo hakuna aliyeliandika ndilo mghushi hulijaza atakavyo.